Springi za Kitanda

Tangu kuta za nyumba zote mjini zianze kumeza mwangwi ili zitambue sauti ya kila aliyemo, gita la mzee Shekue lilikuwa likitoa sauti kavu kama muhogo wa kuchoma. Asubuhi moja aling'oa springi za kitanda chao, akazifunga ndani ya kopo la biskuti na kuliunganisha na gita.

"Tutalala wapi, baba Riziki?" mkewe Mashavu aling'aka.

"Chini, mama Riziki. Sikiliza kwanza!"

Muziki wa ujana wao, ule wa vijana wanaoteleza juu ya mawimbi ya bahari kwa ubao, ukatoka umelowa mwangwi chepechepe. Mashavu akacheka, akajikuta anaimba, na springi zikamrudishia sauti yake.

Ukuta ukasema kwa upole, "Sasa mko watatu. Mgeni anaitwa nani?"

Shekue akazishika nyuzi za gita, Mashavu akaziba mdomo. Kopo lilikuwa bado linaimba.