Msumari wa Koti

Katika karakana ile ya kusuka viti, kila fundi alikuwa na msumari aliojigongomea ukutani, wa kutundikia koti. Hemedi hakuwa nao. Alishakuwa karani, dereva, kisha mwalimu, na kote huko alifanya kazi na koti lake mwilini, kama mtu anayepita.

Bi Tunu, mwenye karakana, alishamfumulia viti viwili alivyosuka. Leo alikikalia cha tatu.

"Vipi, mama? Kinabonyea?" Hemedi aliuliza.

Bi Tunu alikuwa amesinzia.

Hemedi akashusha pumzi, akavua koti. Akachukua nyundo na msumari, akachagua mahali ukutani. Kisha akasimama pale, nyundo mkononi, akingoja mama aamke.