Chokaa ya Yuda

"Mfute babu yako kwa mkono wako mwenyewe," alisema Mzee Manase, "ndipo nitakupa barua."

Barua yenyewe alikuwa nayo mkononi, imeandikwa tayari, akiipunga mbele ya pua ya Yoramu kama mtu anayemwonyesha mbwa mfupa. Chuo kimoja cha London kilikuwa kimemkubali mwalimu Yoramu akasomee shahada ya historia ya sanaa, miaka mitatu, mradi alete barua ya tabia njema kutoka kanisani kwake. Na katika kanisa lile, nje kidogo ya Njombe, mwaka ule wa 1956, tabia njema ilikuwa mali ya Manase, mwenyekiti wa wazee wa kanisa.

"Historia ya picha!" Manase alicheka. "Wenzako wanasomea udaktari, wewe unakwenda kwa Malkia kusomea picha. Na picha gani umewahi kuiona, zaidi ya ile ya aibu yenu?"

Hapo hakukosea. Picha kubwa aliyoijua Yoramu ilikuwa moja tu, ile iliyo ukutani nyuma ya madhabahu: Karamu ya Mwisho, kazi ya mmisionari Mjerumani kabla ya vita vya kwanza. Mitume wote walikuwa Wabena, watu wa pale pale, aliowakalisha mbele yake mmoja mmoja akawachora. Kisha vita vikaja, Mjerumani akachukuliwa, asiache neno la kueleza nani ni nani.

Watu wakajiamulia. Babu yake Yoramu, baada ya kuchorwa, aliliacha kanisa akarudia pombe ya ulanzi na matambiko. Basi, Yuda ni nani tena? Kwa zaidi ya miaka arobaini ukoo wake ulikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, na dada zake Yoramu hawakuposwa na mtu. Ukoo wa Manase ulikaa benchi la mbele, kwa sababu baba yake Manase, pale mezani, alikuwa na chumvi.

"Watazameni wote kumi na wawili," Manase hakuchoka kuwaambia watoto wa kipaimara. "Nani ana chumvi mbele yake? Baba yangu peke yake! Tena nyingi, mpaka imemwagika. Enzi zile kijiko cha chumvi ulikipata kwa jogoo. Ninyi ni chumvi ya dunia, amesema Bwana!"

Yoramu alikuwa ameshapanga masomo yake kwenye daftari: mwaka wa kwanza Waitalia, wa pili Waholanzi, na wa tatu angeandika juu ya ukuta wa kanisa lao. Chuo kilimtumia kitabu cha kujiandalia. Alipofika kwenye sura ya picha za karamu ile, aliirudia mara tatu, akakifunga kitabu, na hakumwambia mtu, hata mama yake.

Sasa alimsikiliza Manase mpaka mwisho, akauliza jambo moja.

"Nimfute Yuda peke yake?"

"Yuda peke yake. Mitume wa Bwana usiwaguse."

"Na uso tu?"

"Uso unatosha. Ndio tuliouchoka."

Jumamosi mchana, Getruda alimkuta mwanawe uani akikoroga chokaa kwenye ndoo. Habari ilikuwa imeshamfikia.

"Mkwe wangu alinipokea hapa kama binti yake," alisema kwa uchungu. "Leo unamzika mara ya pili ili ukale mkate wa Wazungu? Ukimfuta, Yoramu, usiniite mama tena."

"Naomba shuka zako mbili, mama."

Alimtupia usoni.

Yoramu alijifungia kanisani hadi saa kumi. Alipotoka, chokaa ilikuwa imempanda mpaka viwikoni. Manase alichungulia kutoka mlangoni, akaona picha nzima imefunikwa kwa shuka.

"Chokaa mbichi ikipigwa na upepo inageuka unga," Yoramu alimwambia. "Iache ikauke. Utafunua kesho."

Manase alipenda sana. Kesho, mbele ya watu wote, angezivuta shuka kwa mkono wake. Akatoa barua. Yoramu akapanda lori lililokuwa likisubiri barabarani, na kabla jua halijazama alikuwa Makambako, akitafuta basi la Iringa.

Jumapili kanisa lilijaa hata madirishani. Getruda alikaa kwenye benchi lake la mlangoni, ameinama. Manase alisimama, akasema maneno mengi juu ya wasaliti na uzao wao, kisha akazivuta shuka kwa nguvu.

Babu yake Yoramu alikuwa pale pale, mzima, ameshika mkate. Doa jeupe lilikuwa upande wa pili wa meza, juu kidogo ya chumvi.

Manase aliunguruma. Alimwita Yoramu mwizi, mchawi, mwana wa nyoka. Aliapa kuwaandikia London siku ile ile. Ndipo alipokiona kitabu cha Yoramu chini ya picha, pale shuka zilipokuwa zimekifunika, kimefunguliwa, mstari mmoja umepigiwa penseli. Kiingereza hakukijua. Akakinyakua, akamsukumia Mchungaji Tarsis.

"Ameniachia matusi! Soma kwa sauti, watu wote wamjue huyu ni mtu gani!"

Mchungaji alisoma kwanza kimyakimya. Akamtazama Manase, akasita.

"Mzee, labda tukiwa ofisini..."

"Nimesema soma!"

Mchungaji akakohoa, akasoma akitafsiri:

"Katika picha nyingi za kale za karamu hii, Yuda hutambulikana kwa chumvi iliyomwagika mbele yake."