Uwanja wa Masika

Mvumo ulitangulia juu ya miti, na Muhindo akaujua. Alichomoka ndani na kikapu cha majani makavu, akamkuta mama yake, Masika, ameinamia ufagio.

"Mama! Umefagia tena?"

"Wakwe zako wanakuja leo. Unataka wakute jalala?"

Katika msitu ule sheria ilikuwa moja: uwanja wowote mtupu unaoonekana kutoka angani ni wa jeshi. Helikopta zisizo na rubani hazikubisha hodi. Zilitua, na kesho yake mizinga ikapangwa. Jirani yao Paluku alikata miti ya uani ili watu wapate pa kucheza harusi ya bintiye. Sasa jikoni kwake pana mizinga, na kila ikilia, vikombe vya Masika vinaruka kabatini.

Muhindo alimwaga majani, akapindua ndoo ya maganda ya ndizi, akaburuta matawi. Helikopta ilisimama juu yao, upepo wake ukapeperusha nusu ya majani, ikatazama weee, kisha ikaenda zake.

"Nimechoka kuishi kama kuku," alisema Masika.

"Kuku ana banda, mama! Hao wakwe ungewapokea wapi, mdomoni mwa mzinga?"

Masika alicheka kidogo, akaweka ufagio chini. Lakini mguu wake ulikuwa tayari unasukuma majani pembeni, taratibu, na nyuma ya kilima mvumo ulikuwa unageuka kurudi.

"Sitafagia tena, baba," alimwambia mwanawe. "Nakuahidi."