Poni Avuta Sukuma

Mnunuzi alikuwa anangoja na kamba mkononi. Wiki nzima poni, yule farasi mfupi aliyeachwa na mzungu mmoja aliyehama, alikuwa amekataa kuvuta mkokoteni wa sukuma wiki, na leo angeuzwa, aondoke Njiru.

"Yeye anakula bure, na punda ni mimi," mama akasema akisugua sufuria.

Binti yake, Wangeci, akamfunga poni kwenye mkokoteni mara ya mwisho. Mkono wake ukapita chini ya mkanda wa shingo, ukagusa kidonda. Kumbe walimfunga kama punda, na kila akivuta anajinyonga!

Akafungua leso kiunoni, akaizungusha kwa mkanda, akaushusha hadi kifuani mwa poni.

"Haya, twende, baba," akamwambia poni.

Mkokoteni ukasonga na magunia yote sita ya sukuma. Mnunuzi akaruka kando.

"Mama, wacha sufuria, panda. Leo soko la Buruburu hutaenda na gunia mgongoni."