Kura Zilizofungwa Mnyororo

Papa Kabamba alipiga meza mpaka chupa za soda zikaruka.

"Chloé, soma tena!"

Chloé alisoma tena matokeo ya kura za urais wa chama. Maman Bibiane, trente-cinq, thelathini na tano. Papa Kabamba, cinq, tano tu. Wakatanga arobaini walikuwa wamebanana katika ukumbi wa Anderlecht, Brussels, Jumapili hiyo, na kila mmoja alisikia.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini Papa Kabamba alikuwa rais wa chama chao kwa miaka kumi na moja, kushindwa alishakusahau. Ni yeye aliyetaka kura zipigwe kwa simu. Ni yeye aliyesikia kwamba blockchain ni mnyororo wa kumbukumbu usiofutika, akamganda Chloé, mwanafunzi wa informatique, elimu ya kompyuta, mpaka akautia kwenye kura hizo. Upigaji kura ulipokwisha Ijumaa, kompyuta yenye kura ilifungiwa kabatini. Funguo zilikuwa mbili: ya rais, na ya makamu wake, Maman Bibiane.

"Huyu mutoto ameuza kura zangu!" alinguruma. "Afukuzwe leo, yeye na mama yake!"

Mama yake Chloé, aliyekuwa akipakua wali kule nyuma, aliacha mwiko. Hapa Brussels hawakuwa na ukoo mwingine ila watu hawa.

Hapo Chloé naye akachemka.

"Tonton, niliwaelezaka, wewe na Maman Bibiane: hiyi blockchain ni mchezo! Niliiandikaka kwa kucheka ba patron, ba bosi benye kutia blockchain mpaka mu frigo. Mnyororo muzima iko mu machine moya. Mwenye kufungua machine anabadilisha vile anataka. Mulisema: tia tu!"

Ukumbi ulilipuka. Mchezo? Kura zao zimewekwa kwenye mchezo? Wengine walimtukana Chloé, wengine wakamtukana mama yake aliyemleta Ulaya. Maman Bibiane peke yake, mkoba mapajani, alitikisa kichwa tu kwa masikitiko. Tonton Polycarpe, katibu, alichukua kalamu kuandika majina ya wanaofukuzwa. Aliandika la Chloé, akaanza la mama yake, kisha akasita.

"Bon, papa rais. Ni lazima niandike sababu. Preuve, ushahidi, iko wapi kama kura zilibadilishwa?"

"Preuve?" Mishipa ya shingo ilimtoka Papa Kabamba. "Unaniuliza preuve, mimi? Jana samedi nilifungua hiyi machine mimi mwenyewe! Nilijiandikia trente-cinq, nikamwachia Bibiane cinq. Sasa nani alizigeuza?"

Maman Bibiane alisimama ghafla, mkoba ukaanguka.

"Cinq?" alifoka. "Muongo we! Leo asubuhi, kabla ya misa, nilipofungua mimi, nilikuta umeniachia zéro! Cinq ni mimi nilikuachia wewe!"