Asubuhi ya Bi Kidawa

Kila alipooa, Mzee Shomvi aliongeza vyumba na paa lake, hata nyumba ikawa na mapaa yaliyopandiana. Fundi wa sola alipanda, akazunguka, akashuka.

"Paneli zote ziende juu kwa bi mdogo," alisema. "Kule jua linakaa mpaka jioni. Kwa bi mkubwa linapiga asubuhi tu."

"Basi zote huko," alisema Mzee Shomvi.

Bi Kidawa, mke mkubwa, aliweka chini ungo wa mchele. "Khanga ukininunulia mimi, na mwenzangu unamnunulia. Jua ndilo utampa peke yake?"

"Waya utavutwa hadi kwako, Kidawa."

"Na swichi itakuwa chumbani kwa nani?"

Mzee Shomvi akamtazama fundi. Fundi akatazama ngazi.

Bi Kidawa alivua mtandio, akausokota ngata, akajitwika paneli moja.

"Utaanguka, mwanamke."

"Asubuhi ni yangu," alisema, akaanza kupanda kwenye paa lake.

Katikati ngazi iliyumba, kisha ikatulia. Alipotazama chini, alimwona Siwema, bi mdogo, ameishika kwa mikono miwili, amempa mume wao mgongo.