Majina Matatu

"Delmar Wendell Pruitt anasakwa kwa wizi wa benki," alisema mtangazaji wa televisheni.

Delmar alikuwa karakanani kwangu, ameshika kikombe cha kahawa. "Majina yote matatu, kama wanavyowataja wauaji. Nimekwisha, ndugu yangu."

Sikumuuliza kama ni kweli.

Zamani ni mama yake peke yake aliyemwita hivyo. Tulikuwa tukivunja dirisha la mtu, tunajificha humu humu karakanani mpaka sauti ya mama yake ivuke ua. Majina matatu yalimaanisha ameshajua kila kitu, na chakula kiko mezani.

Sasa tukamwona mama huyo kwenye televisheni, moja kwa moja, amezeeka, amesimama kibarazani kwake nyumba ya pili kutoka hapa, kamera zimemzunguka.

"Mama, mwanao ni mtu wa namna gani?" mwandishi aliuliza.

Mama akasukuma kipaza sauti kando, akaweka viganja mdomoni, akaita. "Delmar Wendell Pruitt!"

Tulimsikia mara mbili, kwenye televisheni na dirishani.

Delmar akaweka kikombe chini, akachomekea shati.

"Nikichelewa atanifuata na mwiko," alisema, akafungua mlango.